Barua ya Posa Niliyoirudisha Ikasahihishwe

Nyumba za Reli,
Nsambya,
Kampala.
Jumamosi, 10 Septemba 1994

Kwa Mzee Ongom,
Bugolobi.

Mzee mwenzangu na, Mungu akijalia, mkwe wangu,

KUH: BARUA YA KIJANA WAKO OPOKA, AMBAYO SIKUIKATAA

Pokea salamu zangu na za nyumba yangu yote, isipokuwa za binti yangu Nabangala, ambaye kwa sasa hanipi salamu za kupeleka kwa mtu yeyote.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ningeweza kukuandikia kwa Kiingereza, nawe ungekisoma bila taabu, maana miaka yako yote ya upolisi ilikuwa ya kuandika ripoti. Lakini Kiingereza ndicho kilichotufikisha hapa tulipo, na sioni busara ya kumwita mshtakiwa aje awe mkalimani. Kiswahili ndicho tulichoanza nacho urafiki, kwenye foleni ya sukari, miaka ile ambayo mtu akisema Kiswahili mjini hapa watu walimtazama kama ana bunduki. Wewe ulikuwa nayo kweli. Mimi nilikuwa na kalamu, na mke wangu Vera husema afadhali ningekuwa na bunduki, kwa sababu mwenye bunduki hupumzika.

Vera ameniagiza pia nisikiguse Kiswahili chako. Sitakigusa. Najua ni Kiswahili cha kambini, ambamo kila kitu duniani ni "ile", nami nimekizoea.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba mlichukulia kurudishwa kwa barua kuwa ni kukataliwa kwa kijana, bila kuniuliza.

Naeleza tukio lenyewe ili tusigombane juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua nusu. Jumapili ile baada ya ibada, ndugu yako Saverio alifika kwangu amevaa koti, akiwa na barua ya Opoka ya kumposa Nabangala ndani ya bahasha ya buluu. Tulimkaribisha, tukamchinjia kuku, tukamwekea firigisi kama mgeni wa heshima. Alipokuwa akila, mimi nilifungua bahasha. Nilisoma mstari wa kwanza nikatoa kalamu nyekundu. Sikwenda kuitafuta, ilikuwa mfukoni. Nilipofika chini ya ukurasa, Saverio alikuwa ameacha kutafuna.

Niliikunja barua nikampa. Akaniuliza, "Mzee, hii barua mimi narudisha?" Nikasema, "Irudishe." Akasema, "Narudisha kwa Opoka? Kabisa kabisa?" Nikasema, "Kabisa, na umwambie asichelewe." Saverio akaitua firigisi kwenye sahani, akanawa mikono, akaaga. Vera alimsindikiza mpaka barabarani na aliporudi aliosha vyombo kwa kishindo, nami nikadhani amechoka.

Nasikia alipofika kwako alisema nimeichinja barua na kwamba ilikuwa inatoka damu. Nasikia Mama Akidi, mkeo, aliimwaga pombe yote ya kwete aliyokuwa ameanza kuichachusha kwa ajili ya wageni. Nasikia nawe ulisema, "Kama iko shida ya ng'ombe, yule mzee angesema ng'ombe. Hii ya kurudisha karatasi ni kusema mtoto yangu si mtu." Maneno hayo yamenifikia kupitia watu watatu na bado yana uchungu, kwa hiyo naamini ni yako.

Mzee Ongom, kila mtu Kampala anajua kwamba barua ya posa ikibaki kwa baba wa msichana imekubaliwa, na ikirudi ilikotoka imekataliwa. Hata mimi najua. Kichwa changu kilijua. Mkono wangu ndio ulikuwa bado kazini.

Nakukumbusha kazi yenyewe. Nilikaa nusu ya maisha yangu katika ofisi ya barua ya reli. Kila barua ya kutoka, iwe ya mabehewa yaliyopotea au ya karani kuomba likizo ya msiba, ilipita mezani kwangu. Iliyoandikwa na mtu mwenye matumaini niliirudisha na wino mwekundu ili airekebishe. Iliyoandikwa na mtu asiye na matumaini niliitia katika droo ya chini, na huko ilikaa mpaka panya walipoishughulikia. Katika ofisi ile, kurudishiwa barua kulikuwa heshima. Makarani walioneshana. Wanangu walipokuwa shule za bweni waliniandikia kuomba sabuni. Niliwarudishia barua zao zikiwa zimesahihishwa, pamoja na sabuni. Hakuna hata mmoja aliyedhani nimemkana.

Kwa hiyo nilipoirudisha barua ya Opoka nilikuwa nasema, kwa lugha pekee ninayoimudu, kwamba kijana huyu anafaa, mleteni tena.

2. Kwamba barua yenyewe ilikuwa na makosa, na upande wenu hakuna anayetaka kulizungumza hilo.

Nisiseme uongo, haikuwa barua mbaya. Ilikuwa na anwani, tarehe na heshima. Mwandiko wake ulilalia kushoto kama behewa lililotoka kwenye reli, nikampunguzia alama kidogo. Taabu hasa ni vihusishi, yaani vile vineno vidogo ambavyo Mwingereza huvipachika kila mahali kuonyesha kitu kiko wapi.

Kiswahili kilitumalizia kazi hiyo zamani. Kitabu kiko mezani, mtoto yuko shuleni, mke yuko sokoni, na hakuna anayeuliza kama mke yuko juu ya soko, ndani yake au kando yake. Utakwenda soko la Owino na utamkuta. Mwingereza hakuridhika. Ana "in" kwa aliyemo ndani, "on" kwa aliye juu, na "at" kwa mtu ambaye yupo tu mahali fulani, hajaingia wala hajapanda. Ukikosea hapo, kwa Mwingereza umehama nyumba.

Kijana wako aliandika kwamba anakaa "on Bugolobi", "at the third floor", na kwamba anatengeneza friji "on the industrial area". Nilijiuliza, kwa nia njema kabisa, siku nitakapomtembelea binti yangu nitamtafuta wapi. Juu ya Bugolobi? Kisha nikaendelea kufikiri, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikamwona Nabangala ameshikwa na uchungu wa kuzaa, Opoka yuko kwenye simu anamwelekeza dereva wa gari la wagonjwa, anamwambia "on Bugolobi", dereva anazunguka juu ya kilima, na mjukuu wangu anazaliwa kwenye ngazi. Nilipofika kwa mjukuu huyo nilipiga mstari mara mbili na karatasi ikatoboka. Ukiitazama utaona tundu. Lile si hasira, ni mapenzi ya babu.

Yapo mengine. Aliandika kwamba amempenda binti yangu "since three years", na ilipasa iwe "for". Aliandika kwamba wawili hao "wamediscuss about" ndoa, ilhali "discuss" imekwisha kujibebea "about" yake ndani, na kuiongezea nyingine ni sawa na kuvaa kofia juu ya kofia. Aliandika kwamba anataka "to be married with her". Kwa muundo huo nilielewa kwamba anayeolewa ni yeye, nikaanza kufikiri atalala wapi hapa Nsambya, maana chumba cha nyuma kina baiskeli na magunia ya Vera.

Mstari mmoja niliufuta wote. Alieleza jinsi walivyojuana: kwamba mashine ilimbana mkono kazini, akalazwa katika wodi anamouguza Nabangala, na kwamba "she removed on me the fear". Hakuna Kiingereza cha namna hiyo, Mzee Ongom. Niliugeuza mstari ule huku na huku nisione mahali pa kuushika niurekebishe, nikaufuta.

Utasema mzee huyu ana ugonjwa. Ninao. Mama yangu alipofariki huko Bungoma, nililetewa telegramu iliyoandikwa "died on morning". Nilisahihisha kwanza, halafu nikalia. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ujue kwamba Opoka hakuonewa. Ametendewa kama mama yangu.

3. Kwamba hamkuifikiria hali yangu mimi kama msomaji.

Sisi tuliotoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Busia na Malaba, tukaja Kampala kwa ajili ya kazi tuna chama chetu cha kuzikana na kuozana. Barua ya posa ikimfikia mmoja wetu, husomwa kwa sauti mbele ya wazee, msomaji akiwa amesimama, neno kwa neno kama ilivyoandikwa. Halafu hukunjwa, baba wa msichana akaitia mfukoni, na jambo likawa limekwisha. Msomaji ni mimi. Hakuna aliyenichagua. Siku moja niliinuka kumnyang'anya mtu barua aliyokuwa anaiua, na tangu hapo sijaketi.

Nina tabia moja mbaya. Nikifika kwenye kosa, nakohoa. Siruhusiwi kulirekebisha, na siwezi kulitamka kama kwamba ni neno la kawaida, basi nakohoa kwanza. Watu wamekwisha kujua. Barua ya mkwe wa Oloo, mweka hazina wetu, ilinikohoza hadi akina mama wakaniletea chai ya tangawizi, na mpaka leo kijana yule akikutana nami barabarani huniuliza kwa upole hali ya kifua changu. Oloo hajasahau. Habari za Opoka zilipoanza kusikika aliniambia mbele ya kikao kizima, "Jaduong', mzee wetu, siku ya Nabangala mimi nitakuja na birika kutoka nyumbani." Wazee walicheka. Nami nilicheka. Nilipofika kwangu nikaacha.

Sasa niweke kwenye mizani. Nikisimama nikasoma na kukohoa, nimemwaibisha mkwe wangu mbele ya watu wangu. Nikisoma bila kukohoa, kila kijana niliyemkohoa tangu zamani ana haki ya kuja kunisimamia mlangoni. Ndiyo maana niliirudisha barua, ili nimwokoe Opoka na aibu. Hivyo ndivyo ninavyojieleza nikiwa kitandani. Nikiamka najua kwamba mtu niliyetaka kumwokoa alikuwa mimi.

4. Kwamba kijana mwenyewe alikuja kwangu na akaondoka kwa namna isiyo wazi.

Pengine hakukuambia. Alikuja siku ya kazi, jioni, na nguo zake za karakana. Nilifurahi sana, nilidhani ameleta nakala safi. Hakuwa na karatasi yoyote. Hata hivyo nilimketisha mezani, nikamwekea karatasi mpya na kalamu, ya buluu, nikamwambia tuanze na aya ya kwanza. Akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo nilipouona ule wa kulia, ambao mashine iliuacha na vidole viwili, nikafahamu kwamba hakuzaliwa akiandika kwa kushoto. Zile alama za mwandiko nimezirudisha. Naomba umwarifu.

Hakuandika. Akasema, "Mzee, mimi nilikuja kuuliza tu. Unanikataa ama hunikatai?" Nikamjibu kwamba swali likiletwa vizuri litapata jibu lake. Nilisema hivyo kwa upole, nikiamini namtia moyo. Ndivyo nilivyowaambia makarani wote, na wengine wakaja kuwa wakubwa zangu. Opoka akaiweka kalamu sambamba na karatasi, kama fundi anayerudisha bisibisi ya mwenyewe, akasimama. Akasema, "I am coming," akaenda zake.

Nalalamikia maneno hayo. Mtu anayetoka hawezi kusema kwamba anakuja. Najua Kampala nzima wanaagana hivyo na hakuna anayewangoja. Mimi nilimngoja. Vera aliniuliza vikombe viwili ni vya nani, nikamwambia Opoka kasema anakuja. Akaniambia, "Wewe mzee, Kampala umeingia jana?" Chai ikapoa, nikavinywa vikombe vyote viwili, chake na changu, ili isionekane kwamba nilimngoja mtu.

5. Kwamba kimya chenu kimeleta vita ndani ya nyumba yangu.

Nabangala alijifunza vihusishi akiwa amekaa magotini pangu, kabla hajajua kufunga viatu. Hana udhuru. Tangu barua ile irudi kwenu, ameacha kunisemesha kwa Kibukusu na ameacha Kiswahili. Ananisemesha kwa Kiingereza tu, na kila kihusishi anakiweka pasipo pake, kwa makusudi, huku akinitazama. Asubuhi ananiaga, "Daddy, I am going at work." Jioni ananipa habari kwamba amefika "to home". Mezani aliomba chumvi akasema, "I request for the salt," akaninyooshea mkono mpaka nikampa. Nilimwambia, mwanangu, kama una hasira nami sema. Akajibu taratibu, "I am not angry on you, Daddy. I am angry in you." Vera alicheka akalazimika kukimbilia jikoni. Mimi nilikula ugali wangu kama mtu anayepigwa mawe na kwaya.

Basi nilivumilia, nikijua atachoka. Jumatano akachoka. Alisimama mlangoni na sare yake, akaniambia kwa sentensi moja ndefu, iliyonyooka, kwamba ameomba kazi katika hospitali moja huko Karamoja, kwamba amekubaliwa, kwamba ataondoka siku ya Jumatatu kwa basi la asubuhi, na kwamba atakuwa huko kwa muda usiojulikana. Kila neno lilikuwa mahali pake. Nilitafuta kosa sikuliona. Kwa furaha nikamwambia, "Vizuri sana."

Vera aliniuliza baadaye kama nilisikia alichosema mtoto. Nikamwambia nilisikia, hakukosea hata mara moja. Akaniambia, "Ndiyo. Vile wanasema na watu wasiowajua."

Nalalamika rasmi, Mzee Ongom. Kama ungekuja kugomba mlangoni pangu siku ile ile, kama wazee wengine wanavyofanya, ningekueleza, tungetukanana kidogo, tungekula, na binti yangu asingekuwa anapakia mashuka yake. Upole wako ndio unaomtuma Karamoja.

6. Kwamba imenibidi kufanya kazi ambayo si yangu.

Kwa kuwa kijana alisema anakuja na hakuja, nimemwandikia mwenyewe ile barua. Nimeiambatanisha. Hana la kufanya ila kutia sahihi. Ni ukurasa mmoja, una pambizo pande zote, na vihusishi vyote vimekaa vitini mwao kama wajumbe wa kamati. Nimejiita "Dear Sir". Nimejiposea binti yangu mwenyewe kwa taadhima kubwa, nikajihakikishia kwamba atatunzwa. Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu sebuleni, sikukohoa popote, na nilipofika kwenye "Yours faithfully" nilikuwa nimekwisha kukubali. Nilikaribia kujipa mkono.

Nikamsomea Vera, ambaye alikuwa anakunja mashuka ya mitumba ya kupeleka sokoni. Aliposikia mwisho akauliza, "Huyu anayeoa ni nani?" Nikamwambia ni Opoka. Akasema, "Mimi simwoni humo. Mkono wake uko wapi? Wodi iko wapi? Huyo ni karani anaomba likizo." Nikamweleza kwamba mambo ya mkono na wodi hayana nafasi katika barua rasmi. Akasema, "Haya, muozeshe karani," akaendelea kukunja.

Nimelizingatia jambo hilo na nimeliweka kando.

Kwa sababu hizo zote, ninaomba kwa heshima mambo yafuatayo yatendeke kabla ya Jumatatu. Opoka atie sahihi barua niliyoiambatanisha, kwa mkono wowote. Saverio ailete akiwa amevaa koti lile lile, ili wazee waelewe kwamba safari ni moja na haikukatika. Mama Akidi aanze kwete upya. Wewe mwenyewe utangaze kwa majirani zako wa Bugolobi kwamba barua haikukataliwa bali ilikuwa katika marekebisho, na kama hawajui tofauti, niko tayari kuja kuwaeleza. Halafu Opoka amwombe Nabangala afungue sanduku lake. Akimwomba tena ndoa, naomba sana aseme "married to", si "with".

Haya yasipotendeka nitalazimika kulifikisha suala hili kwa baraza la mtaa, ingawa mwenyekiti wake nimemrudishia barua zake mbili mwaka huu na sitegemei kupokewa kwa shangwe.

Nisalimie Mama Akidi na umwambie kwamba nilimwonea haya kumtaja mara nyingi hivi katika barua ya malalamiko. Nisalimie Saverio, na watoto wote, na yule jirani yako wa chini anayefuga bata ndani ya ghorofa. Nisalimie polisi wastaafu wenzako mnaocheza nao karata, pamoja na wale waliowahi kunikamata. Usimsahau katekista wenu. Na kama Opoka yuko hapo karibu, msalimie yeye zaidi ya wote, ila usimwambie nimesema zaidi ya wote.

Wako, asiyekukataa,

Zakaria Wangila
Karani Mkuu wa Barua, mstaafu

Baada ya sahihi:

Nilimsomea Vera barua hii ili anisikilizie kama ina neno kali. Aliingia ndani akatoka amevaa viatu vya kanisani, akachukua mwavuli, na alipofika mlangoni akaniuliza kama nakwenda naye au nabaki na karatasi zangu. Basi tunakuja Bugolobi, mimi na yeye, sasa hivi, mchana huu. Nabangala hajui. Yuko chumbani anafunga sanduku kwa kamba.

Kama tutakukuta, hutaiona barua hii kamwe. Ukiwa unaisoma, jua kwamba hatukukuta mtu na nimeisukuma chini ya mlango wako.

Ya juu yote yafute, namba moja hadi sita. Ile barua ya kutia sahihi usiitafute ndani ya bahasha; nimeichana.

Ninaomba ile ya Opoka. Hiyo hiyo, na wino wangu juu yake, na tundu lake. Naijua desturi. Baba wa msichana haendi kwa watu kuomba barua ya posa, na sijasikia kwamba imewahi kutendeka katika mji huu. Lakini nipe. Kesho baada ya ibada nitasimama nayo mbele ya wazee wetu niisome kama alivyoiandika yeye, halafu niikunje niitie mfukoni mwangu, na haitatoka tena.

Sijui kama Opoka bado anataka. Kama hataki, ana haki. Kama anataka, asipoteze muda kupitia kwangu. Basi la Karamoja linaondoka Jumatatu alfajiri, na mtoto wangu huwahi.

Tafadhali usinijibu kwa maandishi.

Z. W.